Hina ya Mguu Mmoja

Siku ya nne tangu ndege ianguke, Adham wa kampuni alifika Ibra baada ya alasiri, akavua viatu mlangoni, akakaa mkao wa mtu asiyetaka kukaa. Kahawa aliyomiminiwa aliishika tu. Mzee Khalaf hakumharakisha. Alimtazama kijana huyu, mzaliwa wa Bujumbura aliyekulia Maskati, kanzu imenyooka kwa pasi na kalamu mbili mfukoni, akajua moyoni kwamba mtu mwenye habari njema angekuwa ameshaimaliza kahawa yake.

Nyuma ya pazia alisimama Balqis, mkwewe, na sinia la tende mikononi. Tende zilitakiwa ziwe zimeshafika kwa mgeni, lakini alitaka kusikia kwanza.

"Mzee," Adham alisema, "wamempata mmoja."

"Mmoja nani?"

Katika ndege ile walikuwamo watu wawili: Ghassan, mtoto wa mzee huyu na mume wa Balqis, rubani wa miaka thelathini na nne, na mwenziwe Mwingereza. Ilianguka baharini Jumanne asubuhi, kusini ya Sur, na mpaka Ijumaa hii bahari haikuwa imerudisha hata kiatu.

"Ghassan, mzee. Mungu amrehemu. Amekutwa na koti lake la kazini. Jina limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Ofisi wanasema hakuna shaka."

Mzee Khalaf alisema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo, akairudia mara tatu. Nyuma ya pazia sinia liliinama, tende mbili zikaanguka. Uzi ule mwekundu ni Balqis mwenyewe aliyeushona. Lakini sicho kilichoziangusha tende.

"Analetwa kesho baada ya adhuhuri," Adham aliendelea, akiharakisha sasa, kama mtu anayeshuka ngazi. "Sanduku limepigwa lakiri. Halifunguliwi."

"Halifunguliwi kwa nini?"

"Siku zote hizi majini, mzee. Daktari ameandika. Na kuna fomu hapa, unatia saini kwamba umepokea na hukufungua."

"Na kuoshwa ataoshwa vipi?"

Adham alitazama kikombe. "Hilo mimi sikuambiwa, mzee."

"Analetwa na wanajeshi?"

"Hapana. Yeye ni raia. Kwenye karatasi ameandikwa mtumishi wa muda. Ataletwa kwa pikapu ya kampuni. Na tumeombwa tusitangaze sana, maana wakati wenyewe ni wa vita."

Vita vyenyewe vilikuwa pale pale chumbani, katika televisheni iliyozimwa sauti: ndege za Wazungu zikiruka moja baada ya nyingine kwenda kupiga Iraki. Mzee Khalaf alinyanyuka, akaizima.

"Na yule mwenziwe?" aliuliza.

"Hajaonekana. Mkewe anapiga simu ofisini kila siku kutoka Uingereza. Hatuna la kumwambia."

*

Bi Kaltham, mama yake Ghassan, alikuwa chumbani kwake juu ya msala. Tangu Jumanne hakutia kitu mdomoni ila maji na dawa yake ya presha. Alijua mwanawe anarusha ndege ya kuwapeleka wafanyakazi wa mafuta jangwani, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, mpaka vita vilipoanza na kampuni ikapata kazi nyingine ya haraka: kuvuta shabaha. Ndege ndogo inaburura kamba ndefu, mwisho wa kamba kuna kitambaa kirefu, na wapiga mizinga wa pwani wanajifunza kukilenga. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia kamba. Mama hakuambiwa. Mke aliambiwa, kwa mzaha.

"Mie navuta kitambaa, wao wanapiga kitambaa."

"Na wakikikosa kitambaa?"

"Kamba ni ndefu, Balqis."

Kumbe hawakukikosa. Kamba yenyewe ndiyo iliyojiviringisha mkiani mwa ndege.

"Wamesemaje?" Bi Kaltham alimuuliza Balqis bila ya kugeuka.

"Wamempata, mama."

"Maiti?"

Balqis alipiga magoti, akamshika mikono. Alitarajia kilio. Bi Kaltham alivuta pumzi ndefu, akaitoa, mabega yakamshuka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Atakuwa na kaburi. Hilo ndilo n'lilokuwa nikiliomba siku zote nne. Babaangu mie alipotelea baharini n'na miaka saba. Mamaangu hakuufunga mlango wa mbele mpaka anakufa. Hata mvua ikinyesha. Ukimwambia funga, anakwambia atapitia wapi akija? Walahi n'likuwa nikiogopa kuwa kama yeye." Kisha ndipo akalia, na alipomaliza kulia akasema ana njaa.

Balqis alikwenda jikoni kumpashia wali. Alisimama mbele ya jiko akiwa na maneno ya simu ya Jumatatu masikioni. Ghassan alipiga baada ya magharibi, kutoka kwenye nyumba ya wafanyakazi, akiwa katika hali yake ya kucheka ovyo. Alimuuliza mama hajambo, akauliza bomba la uani limetengenezwa au bado. Halafu akasema: "Koti langu nimempa Mwingereza wangu. Ana mafua, na yeye koti lake kalisahau Maskati. Kesho huko juu atanifia kwa baridi."

Basi aliyepatikana na koti ni nani?

Hofu iliyomwingia pale jikoni haikuwa hofu ya kifo. Hiyo alikuwa ameshakaa nayo siku nne wakazoeana. Hii ilikuwa mpya. Wali ulianza kuungua kabla hajaukumbuka.

*

Asubuhi baada ya alfajiri alimkuta Mzee Khalaf uani, ameshika mpira wa maji, anaumwagilia mdimu ambao jana yake tu ulikuwa umemwagiliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hukulala na weye?"

"Lile koti, baba."

"Koti lina nini?"

"Ghassan hakuwa nalo. Alimwazima mwenziwe. Aliniambia kwenye simu."

Mzee Khalaf alifunga maji. "Labda alirejeshewa."

"Labda."

"Labda asubuhi yake alimwambia, bwana, nipe koti langu, na mie nasikia baridi."

"Labda, baba."

Ghassan aliyemjua yeye, na aliyemjua baba yake, asingelidai koti kwa mtu mwenye mafua hata angeganda. Walitazamana, kila mmoja akaona kwamba mwenziwe analijua hilo.

"Mama yako umemwambia?"

"Nitaanzia wapi? Jana amekula sahani nzima."

Wakaenda kwa Sheikh Marhoun, mwalimu wa msikiti, nyumba ya tatu. Sheikh aliwasikiliza, macho yake yako kwenye mkeka. Hakuwa mtu wa kupamba maneno.

"Koti ni nguo," alisema. "Nguo hutoka kwa huyu ikaenda kwa yule. Angalieni mwili. Ikiwa ni yeye, huyu bibi ni mfiwa: eda yake miezi minne na siku kumi tangu Jumanne, halafu yuko huru. Ikiwa siye, basi Ghassan ni mafkudi. Amepotea katika hatari na maiti yake haikuonekana. Mke wa mafkudi hungoja miaka minne kamili. Ikimalizika ndipo akae eda. Katika miaka hiyo ni mke wa mtu. Haposwi, harithi, na matanga hayakaliwi."

"Miaka minne," Mzee Khalaf alisema.

"Kamili. Na maiti lazima aoshwe. Aliyekufa maji ana daraja ya shahidi kwa Mola wake, lakini haachwi kuoshwa. Mwiteni Sleyum mwosha maiti, ndiye mjuzi. Mie sitaingia. Mtakaloniambia ndilo nitakalolishika."

Njiani kurudi Mzee Khalaf alitembea mbele hatua mbili, kama ilivyo ada yake, akasema bila ya kugeuka:

"Kwa siku zote hizi majini, uso hautatambulikana. Ana alama gani nyingine? Mie n'nazijua za utotoni, na hizo..." Hakumalizia.

Balqis alihisi uso unamwaka. Miaka sita ndani ya nyumba ya wakwe, hajapata hata kumwita mumewe kwa jina mbele ya mzee huyu bila ya kuinamisha kichwa. Na alama aliyokuwa nayo haikuwa ya kusemwa mbele ya mkwe.

Alhamisi ya wiki iliyopita Ghassan alikuwa nyumbani kwa mapumziko, visigino vimempasuka kwa magaga mpaka vinatoa damu. Balqis alikuwa na kifurushi cha hina ya Sinaw alichonunua kwa bibi wa Kibedui kwenye soko la wanawake la Jumatano. Aliikoroga, akamkalisha mumewe kitandani, akauweka mguu wake wa kushoto mapajani. Alimtia kisiginoni na kwenye unyayo, kisha kwa utani akampaka na kucha ya dole gumba. Ghassan akapiga kelele kwamba ofisini watamwita bibi harusi. Hina ilikuwa imekauka mguu wa kushoto na bakuli liko tayari kwa wa kulia, simu ikalia: gari ya kampuni inakuja sasa hivi, mazoezi ya mizinga yataanza mapema. Ghassan akauosha mguu ule mmoja, akauficha ndani ya soksi, na mlangoni akamwambia: "Wa pili ungoje nikirudi."

"Ana hina, baba," Balqis alisema.

Mzee Khalaf alisimama. "Hina?"

"Ya magaga. N'limtia mie. Alhamisi."

"Wapi?"

"Chini. Nyayoni."

Mzee Khalaf alikohoa na kutazama ukuta wa jirani, na yeye amepata haya. "Basi, basi, n'shafahamu," alisema upesi, akaenda zake. Na Balqis, ambaye maneno mawili tu yalikuwa yamembakia kusema, aliyameza. Alimshukuru Mungu kwamba mkwewe hakuuliza zaidi.

*

Pikapu ilifika saa nane. Nyuma yake, ubavuni mwa sanduku, kulikuwa na mapipa mawili ya rangi na ngazi, maana dereva alikuwa na kazi nyingine ya kupitia Sur. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kitu. Wanaume waliliteremsha sanduku wakaliingiza chumba cha uani, ambako Sleyum alikuwa ameshatandika mkeka na kupanga ndoo. Sleyum alikuwa mtu mfupi mwenye duka la mabati. Katika mtaa ule kila mwanamume aliyekufa kwa miaka ishirini alipita mikononi mwake, na hakuna mtu aliyepata kumsikia akisimulia alichokiona. Mwosha maiti hasemi. Hilo kila mtu Ibra analijua, na ndiyo maana watu hawaogopi kumwita.

Adham alitoa fomu. "Mzee, saini yako hapa."

"Nitatia saini nikishamwosha mwanangu."

"Mzee, lakiri ile ikikatwa, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Na mie nitaulizwa," Mzee Khalaf alisema. "Na atakayeniuliza mie si manija wako."

Adham aliitazama lakiri nyekundu kwenye kifuniko, akamtazama mzee. "Wacha nikaangalie gari," alisema. "Tairi moja naliona kama halina upepo." Tairi hazikuwa na kasoro yoyote. Alikwenda akazizunguka zote nne, tena na tena, mgongo ameuelekeza nyumbani.

Ndani wanawake walijaa mpaka ukumbini. Mabruka, jirani, alikuwa amemshikilia Bi Kaltham bega. Balqis alisimama karibu na mlango wa uani, kichwa amekiegemeza ukutani, akisikiliza. Kilisikika chuma, kisha mbao. Halafu mtu alisema "La ilaha illa Llah" kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni ya mkwewe.

Kisha maji. Balqis alikuwa ameshawaosha bibi zake wawili na shangazi. Aliijua kazi hiyo ilivyo, upande wa kuume, upande wa kushoto, kichwani mpaka miguuni, na alijua ndoo ngapi zinatumika. Alizihesabu. Moja. Mbili. Alingoja ya tatu. Haikumwagwa. Mtu mzima, mrefu kama Ghassan, haoshwi kwa ndoo mbili.

"Umesimama nini, mwanangu?" Bi Kaltham aliuliza. "Keti. Sasa ameshafika kwao."

"Sijambo, mama."

Moyoni mwake yalikuwa yanagombana mambo mawili, na yote mawili yalikuwa dua. Moja lilisema: ya Rabbi, awe ni yeye, ili mama huyu alale, na mie nijue pa kupeleka maji na ubani. La pili lilisema: ya Rabbi, asiwe yeye. Hakujua ni lipi aliitikie amina.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Khalaf alitoka na mikono ya kanzu imekunjwa, imelowa mpaka viwikoni. Aliwapita wanawake wote kwa macho, akamfikia mkewe.

"Ni yeye, Kaltham," alisema. "Mkewe alimtia hina ya magaga. N'meiona."

Bi Kaltham alishika uso wake kwa mikono miwili na kusema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na machozi yakapita baina ya vidole.

"Mguu upi, baba?" Balqis aliuliza.

Alisema taratibu, karibu ajiulize mwenyewe. Mzee Khalaf alimgeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kupita mlango ambao haurudiwi.

"Yote miwili, mwanangu. Nyekundu kabisa."

Watu husema dunia inasimama. Balqis haikumsimamia, iliendelea, na alimsikia Mabruka akimwambia mtu alete maji ya kunywa, na nje dereva wa pikapu akiuliza kama anaweza kwenda. Alimwona mkwewe amemkazia macho, na katika macho yale aliona kwamba mzee amejua amekosea, ila hajui amekosea wapi. Neno moja tu lingetosha. Angesema *mmoja*, na sheikh nje angenyanyuka, na sanduku lingerudi garini ubavuni mwa ngazi na mapipa ya rangi, na Bi Kaltham angeuacha mlango wa mbele wazi mpaka kufa kwake.

"Ni yeye, mama," Balqis alisema. "Ndivyo n'livyomtia."

Alijifanya mjane kwa mdomo wake mwenyewe, na aliona uchungu ambao hata siku ndege ilipoanguka hakuuona. Mabruka alikuja akamvua herini, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto, akazifunga kwenye leso. Wanaume walilichukua jeneza. Lilionekana jepesi mno mabegani mwao.

*

Siku ya tatu matanga yalipoondolewa, Mzee Khalaf alikuja mlangoni pa chumba cha eda, akaketi nje ya pazia.

"Uliniuliza mguu upi," alisema.

"N'limtia mmoja tu, baba. Wa kushoto. Hina haikuwahi wa pili."

Mzee alihesabu punje mbili tatu za tasbihi.

"Mie n'kaona haya kukuuliza," alisema.

"Na mie n'kaona haya kukwambia." Kisha Balqis akasema: "Ilikuwapo hata huo mmoja?"

"Usiniulize, mwanangu. N'liosha mie, na anayeosha hasemi."

"Miguu ilikuwapo, baba?"

Balqis aliona kivuli cha mzee kwenye pazia kikitikisa kichwa kukana, mara moja, kwa taabu.

"N'lichokiosha n'mekiosha vizuri," alisema. "N'mekisalia, n'mekizika kwa mikono yangu. Ni mwanangu au ni mwana wa watu, sijui. Usiku na mchana n'nauliza moyo wangu, haunijibu. Nenda kamwambie sheikh ukitaka. N'tasema n'lidanganya. Eda itasita papo hapo."

"Na mama?"

Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya Bi Kaltham akimweleza mgeni jinsi kaburi lilivyokaa pazuri, karibu na ukuta, penye kivuli asubuhi.

"Basi, baba," Balqis alisema. "Tuache."

*

Vita vilikwisha kabla ya mwezi kumalizika. Redioni walisema Kuwaiti imerudi kwa wenyewe, watu wakapongezana barabarani, na Balqis akabaki chumbani na nguo zake nyeupe zisizo na manukato.

Baada ya wiki chache Adham aliuleta mkoba wa Ghassan kutoka kwenye nyumba ya wafanyakazi. Aliusukuma chini ya pazia kwa adabu. Balqis alitoa kanzu mbili, wembe, saa mbovu, na jozi ya soksi zisizofuliwa. Soksi moja ilikuwa na wekundu kisiginoni. Aliishika muda mrefu sana, na Adham nje alidhani amelala.

"Adham," alisema. "Yule mke wa Mwingereza bado anapiga simu?"

"Bado, dada."

"Mwambie lile koti mume wangu alimwazima mumewe. Siku moja kabla."

Adham aliuliza, kwa sauti ya chini: "Na kaburi?"

"Kaburi lipo. Aliyemo hatambuliki, na mama mkwe wangu hatolijua hili maisha. Mwambie mwenziwangu tu kwamba kama ni wake, ameoshwa, amesaliwa, na kila Ijumaa anamwagiwa maji. Na kama ni wangu, basi yeye na mie tumo katika kungoja kumoja."

"Nitamwambia," Adham alisema. Hakuandika kitu, wala hakutoa fomu yoyote.

*

Eda ilimalizika katikati ya Juni, tende zinaanza kuwa nyekundu na jua halitazamiki. Turki, kaka yake Balqis, alitoka kwao Aija, kule Sur, tangu alfajiri kuja kumchukua. Mama yao alikuwa ameshamtengenezea chumba. Tena, Turki alimdokeza Mzee Khalaf kwa adabu zote, kuna mtu wa heshima hapo Sur, mwalimu, amefiwa na mkewe, ameshauliza. Mzee Khalaf alimkaribisha kahawa na kumwambia inshallah.

Ndani wanawake walimkosha Balqis, wakamfukiza udi, wakamvisha kanga mpya na kumrudishia herini zake. Bi Kaltham mwenyewe ndiye aliyekoroga hina. Alikuwa amenenepa kidogo, na usiku akilala mlango wa mbele ulifungwa kwa komeo.

"Mwanangu," alisema, akimpangusa Balqis uso kwa upindo wa mtandio wake, "umemkalia mwanangu eda ya kheri, hukunung'unika hata siku moja. Nenda kwenu kwa radhi yangu. Weye bado mbichi. Mabruka, mtie hina ya miguu, atoke kama wanavyotoka watu."

Balqis aliunyoosha mguu wa kushoto. Mabruka alimtia kisiginoni na kwenye unyayo, akampaka na kucha ya dole gumba. Alipomaliza alisogeza bakuli.

"Haya, lete wa pili."

"Wa pili ungoje," Balqis alisema.

"Ungoje nini? Hina tele hii."

"Ungoje tu, Bi Mabruka. Huu mmoja unatosha."

Mabruka alimtazama Bi Kaltham, na Bi Kaltham akamtazama Balqis, na wote wawili wakadhani ni huzuni, maana huzuni huwatia watu mambo ya ajabu. Lakini ukumbini, Mzee Khalaf aliyekuwa akimmiminia mgeni kahawa aliyasikia maneno yale, na mkono wake ukasita. Miezi minne na siku kumi. Alihesabu miezi iliyobaki katika miaka minne ya sheikh. Ilikuwa mingi, na yeye alikuwa mzee.

Aliiweka birika chini.

"Turki, mwanangu," alisema, "kunywa kahawa, kula tende, halafu rudi Sur salama. Dada yako hana safari."

"Ammi, eda si imekwisha?"

"Watu washasema imekwisha," alisema Mzee Khalaf, akamsogezea kikombe.